Kuba Tatu za Nairobi: Msikiti wa Wafalme Mikononi mwa Mafundi wa Reli

Leo nawaomba tutoke kidogo Lubumbashi, twende hadi Nairobi, mji mkuu wa Kenya. Nasema nchi ya Kenya, si komini yetu ya Kenya, watu wa Kenya hapa msije mkanidai maelezo.

Katikati ya Nairobi, karibu na barabara ya Muindi Mbingu na soko la manispaa, kuna msikiti wenye kuba tatu za rangi ya fedha na minara miwili. Ni Msikiti wa Jamia. Jirani yake kuna maktaba ya McMillan, yenye nguzo kubwa za mawe mbele, iliyofunguliwa mwaka 1931. Majengo haya mawili ni ya kizazi kimoja. Maktaba ilijengwa na mjane wa tajiri mzungu kwa ukumbusho wa mumewe, na kwa miaka mingi mtu mweusi na Mhindi hawakuruhusiwa kukaa humo na kufungua kitabu. Msikiti ulijengwa na Waislamu wa mji wenyewe, wengi wao watu wa asili ya Punjab, ambao baba zao walifika Afrika wakiwa vibarua na mafundi wa reli. Basi mazungumzo ya leo ni juu ya msikiti huo, na jinsi umbo lililobuniwa kwa ajili ya wafalme wa India lilivyofika Afrika ya Mashariki mikononi mwa watu wa kazi. Naliona jambo hili linatuhusu sana sisi, wana wa mji uliozaliwa na reli.

Tuanzie Delhi, karne ya 17. Shah Jahan, mfalme wa ukoo wa Wamughal, ndiye yule aliyejenga Taj Mahal kule Agra, kaburi la mkewe Mumtaz Mahal aliyefariki mwaka 1631. Baada ya hapo akaamua kuhamisha makao yake, akaanzisha mji mpya Delhi, akaupa jina lake mwenyewe: Shahjahanabad. Ngome yake ya mawe mekundu ilimalizika mwaka 1648. Miaka miwili baadaye, 1650, wakaanza msikiti juu ya kilima kidogo kilicho karibu na ngome hiyo, na mwaka 1656 ukafunguliwa. Inasimuliwa kwamba watu elfu 5 walifanya kazi pale, na kwamba gharama ilifika rupia milioni moja. Waziri mkuu wa mfalme, Sadullah Khan, alikuwa miongoni mwa wasimamizi. Imamu wa kwanza aliletwa kutoka Bukhara, Asia ya Kati, na uimamu wa msikiti ule umebaki katika ukoo wake mpaka leo.

Sasa jaribuni kuuona. Una milango mitatu mikubwa, wa mashariki, wa kaskazini na wa kusini, na kila mlango unapandiwa kwa ngazi pana za mawe. Ule wa mashariki ulikuwa wa mfalme, kwa sababu unaelekea upande wa ngome. Ukishapita mlango, huingii ndani ya nyumba. Unatokea kwenye ua mkubwa usio na paa, uliotandazwa mawe mekundu, unaotosha watu elfu 25. Katikati ya ua kuna hodhi ya kutawadhia. Ng'ambo ya hodhi, upande wa magharibi, ndipo ulipo ukumbi wa sala: tao moja refu sana katikati, matao madogo kulia na kushoto, na juu yake kuba tatu za marumaru nyeupe zenye mistari myeusi. Minara miwili inasimama kwenye ncha mbili za ukumbi, kila mmoja una urefu wa mita 40 hivi, mistari ya jiwe jekundu na marumaru nyeupe ikipanda nao mpaka juu.

Watu wengi wakifika pale wanaangalia juu. Mimi ningewaomba waangalie chini. Sakafu ya ukumbi ni ya marumaru nyeupe, na ndani ya ile nyeupe mafundi wamechomeka vipande vyembamba vya marumaru nyeusi, wakachora mikeka ya kusalia, mmoja kando ya mwenzake, safu baada ya safu. Kila mkeka ni wa mtu mmoja. Upana wake ni uleule na urefu wake ni uleule, awe atakayesimama hapo ni mwuza ngozi au ofisa wa jeshi. Fundi aliyechomeka kipande kile cheusi alikuwa amepiga magoti, ana patasi mkononi, anapima nafasi ya mtu asiyemjua na atakayezaliwa miaka mia 3 baadaye. Kazi ya namna hiyo inanigusa kuliko urefu wa mnara.

Kwa nini ua uwe mkubwa hivyo? Kwa sababu ya Ijumaa. Sala tano za kila siku mtu anaweza kuzisali kwenye msikiti mdogo wa mtaani kwake, hata nyumbani. Sala ya Ijumaa inataka watu wakusanyike na wasikilize hotuba moja. Kwa hiyo msikiti wa Ijumaa hupimwa kwa hesabu ya watu, na mji mkuu usio na msikiti wa namna hiyo ulikuwa haujawa mji mkuu. Tena katika hotuba ile jina la mtawala lilitajwa na kuombewa mbele ya wote. Mfalme alijenga nyumba ya Mungu, ni kweli, na wakati uleule alijenga mahali ambapo raia wake watamsikia akitajwa kila wiki.

Waingereza waliielewa nguvu hiyo vizuri. Mwaka 1857 askari wa India walipoasi na Delhi ikawa kitovu cha maasi, Waingereza waliuteka mji, wakautwaa msikiti na kuweka wanajeshi ndani. Palikuwa na watu miongoni mwao waliotaka ubomolewe. Waliurudisha kwa Waislamu mwaka 1862. Mwaka huohuo Bahadur Shah Zafar, mfalme wa mwisho wa Wamughal, alifariki uhamishoni Rangoon, katika nchi ya Burma. Ukoo uliojenga ulikwisha, jengo likarudi kwa wanaosali.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana nataka kuwaeleza kuba inavyojengwa. Najua ninao wasikilizaji mafundi wa ujenzi, na hao hasa ndio ninaozungumza nao sasa.

Chumba kina kuta nne, kwa hiyo kina pembe nne. Kuba yenyewe inataka kukalia duara. Ukiiweka moja kwa moja juu ya kuta, kwenye kila pembe utabaki na tundu, na uzito wa pale hauna pa kushukia. Fundi wa zamani alifanya hivi: kwenye kila pembe alirusha tao dogo la mshazari, kutoka ukuta huu hadi ukuta wa pili. Pembe nne zikawa nane. Juu ya zile nane akarudia tena, akapata kumi na sita, na umbo la pembe kumi na sita limeshakaribia kuwa duara. Hapo ndipo alipoanza kupanga kuba yenyewe, mzunguko kwa mzunguko, kila mzunguko ukiingia ndani kidogo kuliko ulio chini yake, mpaka ufunge juu. Bado ana shida nyingine. Kuba haisukumi chini tu, inasukuma na nje, inataka kuzifungua kuta. Ndiyo maana kuta za chini ni nene kupita kiasi, na ndiyo maana kuba kubwa ya katikati huwekewa vyumba vizito kulia na kushoto vya kuiegemeza. Zile kuba tatu mnazoziona si urembo peke yake.

Na kuna siri moja zaidi. Kuba ya kuonekana mbali lazima iwe ndefu. Lakini ukiwa chini yake, urefu ule wote unakuwa mwingi mno, chumba kinapoteza kipimo na sauti ya msomaji inapotea juu. Mafundi wa Asia ya Kati, wa upande wa Samarkand, walipata jibu: wajenge kuba mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ni ya chini, inafuata kipimo cha chumba. Ya nje inapanda juu, inavimba kama kitunguu, ili mji mzima uione. Katikati yao kunabaki nafasi tupu. Ujuzi huo uliingia India, ukaonekana kwenye kaburi la mfalme Humayun pale Delhi lililomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1570, kisha Taj Mahal. Mtu anayeiangalia Taj Mahal kwenye picha haoni kabisa kwamba dari ya ndani iko chini sana kuliko kilele cha nje.

Tutoke Delhi twende Lahore, mji mkubwa wa Punjab, ambao leo uko Pakistani. Aurangzeb, mtoto wa Shah Jahan, alijenga pale msikiti wa Badshahi, kwa miaka miwili mitatu tu, kuanzia 1671 hadi 1673. Ua wake unatosha karibu watu laki moja. Kuba tatu tena, za marumaru nyeupe. Minara minne mirefu kwenye pembe za ua. Nao ulipita mateso yake: Ranjit Singh, mtawala wa Masingasinga, alipoichukua Lahore mwaka 1799, ua ule ukafungiwa farasi na kuwekwa askari, na Waingereza walipokuja baada yake hawakuharakisha kuutoa mikononi mwa jeshi. Matengenezo makubwa yalianza 1939 na kumalizika 1960.

Lakini kwa habari yetu jambo kubwa la Lahore ni tofali. Punjab ni nchi ya mito, tambarare tupu ya udongo, jiwe la kujengea linatoka mbali. Ukitoboa ngozi ya mawe mekundu ya msikiti wa Badshahi, ndani unakuta matofali ya kuchoma. Msikiti wa Wazir Khan, uliojengwa palepale Lahore kati ya 1634 na 1641, hauna hata ngozi ya mawe: ni matofali, na juu ya matofali vigae vya rangi, maua na maandishi, kazi ya mikono isiyo na mfano. Fundi wa Lahore alilijua tofali kabla hajagusa jiwe. Alijua udongo upi unapasuka motoni na upi unashika, alijua kupanga matao kwa tofali na chokaa bila nondo hata moja.

Na sisi je? Ninyi mnaosafiri barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa mmeviona vichuguu vyetu, vingine virefu kuliko mtu mara mbili, na mmeona watu wakivichimba, wakikanyaga udongo wake, wakipanga tanuru pembeni. Wachomaji wetu wanajua kwamba udongo wa kichuguu unashikana vizuri. Sehemu kubwa ya Lubumbashi imetoka humo. Angalieni kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa mji ukiwa bado mchanga kabisa: ni kazi ya tofali. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya mafundi wa Lahore tunazungumza juu ya watu ambao, wangeshuka hapa kwetu leo, wangeshika udongo wa Katanga mkononi na kujua la kufanya.

Walishuka Mombasa. Mwaka 1896 Waingereza walianza reli ya kutoka Mombasa kwenda ziwa Victoria, na kwa kuwa Punjab ilikuwa mikononi mwao tangu 1849 na tayari reli nyingi zilikuwa zimejengwa kule, walikwenda kutafuta watu huko. Meli zilitoka Karachi. Kwa miaka sita walifika watu karibu elfu 32 kutoka India: vibarua, wahunzi, maseremala, waashi, makarani. Waislamu, Masingasinga na Wahindu pamoja. Karibu watu 2,500 walikufa kazini, kwa magonjwa na ajali. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, na elfu sita na ushee walibaki Afrika. Reli ilifika mahali pa majimaji panapoitwa Nairobi mwaka 1899, ikafika ziwani mwishoni mwa 1901.

Vitabu vya wakoloni viliwaandika watu hao kwa idadi na kwa ujira. Viliwaita makuli. Mtu akisoma vitabu hivyo anadhani walikuja na mikono tu. Mimi nasema walikuja na Lahore na Delhi vichwani. Mwashi wa Punjab alikuwa amekua akiona kuba, pengine baba yake alikuwa ametengeneza kuba, na tao halikuwa jambo la kufundishwa na injinia wa Kiingereza. Alikuwa anajenga daraja na stesheni kwa sababu ndiyo kazi iliyolipwa.

Mwaka 1902, miaka mitatu tu tangu reli ifike, msikiti wa Jamia ulianzishwa Nairobi. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Maulana Syed Abdullah Shah. Wakati huo Nairobi haikuwa hata makao makuu ya serikali. Ilikuwa kambi ya reli iliyokuwa inageuka mji, na ofisi za serikali zilihamia pale kutoka Mombasa mwaka 1905. Jengo tunaloliona leo lilijengwa baadaye, kati ya 1925 na 1933.

Juu ya jengo hilo nina mambo matatu ya kuwaonyesha. Kwanza, ujenzi ulichukua miaka minane. Shah Jahan alimaliza Delhi kwa sita, na Aurangzeb alimaliza Lahore kwa miwili mitatu, kwa sababu hazina ya dola nzima ilikuwa nyuma yao. Nairobi hapakuwa na hazina, palikuwa na michango ya waumini, watu wenye duka, watu wa mshahara. Jengo la michango hupanda polepole, mnajua wenyewe. Kuta zinafika juu, kazi inasimama, fedha zinakusanywa, kazi inaendelea.

Pili, angalieni mwaka wa kuanza. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitoa waraka wa Devonshire. Wahindi wa Kenya walikuwa wamedai haki sawa na walowezi, na haki ya kununua ardhi katika nyanda za juu. Waraka uliwanyima ardhi hiyo: ikabaki ya wazungu. Miaka miwili baada ya kuambiwa kwamba nchi si yao, watu hawa walianza kusimamisha kuba tatu katikati ya mji mkuu. Sisemi walijenga kwa hasira. Walijenga kwa sababu walitaka pa kusalia. Lakini kila mtu aliyepita barabarani miaka ile, mlowezi, Mwafrika au Mhindi, alisoma katika jengo lile kwamba wenye jengo hawaondoki.

Tena umbo walilochagua si la bahati mbaya. Kuba tatu na minara miwili: ndiyo hesabu ya Delhi, kuba tatu na minara miwili. Marumaru imetumika kwa wingi, na maandishi ya Kurani yamechongwa ukutani. Kiwanja cha katikati ya mji hakikuweza kutoa ua wa watu elfu 25, kwa hiyo ukumbi umebeba kazi kubwa zaidi kuliko kule India, na ndiyo maana tangu 1998 ilibidi wapanue sana, kwa sababu Waislamu wa Nairobi wamekuwa wengi na wengi wao si Wapunjabi tena. Ni Wasomali, Waswahili wa pwani, Wakikuyu, Wanubi, Waluhya. Umbo limebaki la Wamughal, jamaa imekuwa ya Afrika nzima.

Jambo la tatu ni la fundi hasa. Delhi iko mashariki ya Makka, kwa hiyo kibla yake, yaani upande wa kuelekea Makka wakati wa sala, ni magharibi, na kila kitu kule kimepangwa kwa mstari huo: mfalme anaingia kwa mlango wa mashariki, anavuka ua, anaelekea magharibi. Nairobi iko kusini mwa Makka, karibu kabisa kwenye mstari mmoja nayo. Kibla ni kaskazini. Ramani iliyokaa kichwani mwa Mpunjabi ilibidi igeuzwe robo ya duara kabla ya kuchimba msingi. Na jua likageuka nayo. Delhi, jua la asubuhi linapiga uso wote wa ukumbi kutoka mashariki. Jengo linaloelekea kaskazini, karibu na ikweta, linapata jua kwa namna nyingine kabisa, pengine jua linapita juu kwa juu. Sisi wa Lubumbashi, kwa taarifa ya wanaotaka kujua, kibla yetu ni kaskazini ikielemea mashariki kidogo.

Kuna atakayeuliza: mbona Waingereza nao walijenga kuba? Walijenga, ndiyo. Huko India walipenda kuchukua matao na kuba za Wamughal na kuzibandika kwenye vyuo, mahakama na majumba ya makumbusho. Tabia hiyo ya kuazima kuba ilifika hata Unguja, ambako J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa pia msanifu, alichora Beit el Amani, nyumba ya kumbukumbu ya amani yenye kuba, iliyojengwa mwaka 1925, mwaka uleule ujenzi wa Jamia ulipoanza. Ni jengo zuri, sina ugomvi nalo. Ila Sinclair aliitumia kuba ili serikali ya kigeni ionekane ya kienyeji. Waliojenga Jamia walikuwa wanaendeleza kazi ya babu zao. Macho yanaweza kudanganyika, historia haidanganyiki.

Tena tusije tukadhani kwamba kuba ilikuwa ngeni Afrika ya Mashariki mpaka Wahindi walipoileta. Msikiti Mkuu wa Kilwa, Kilwa Kisiwani ya Tanzania, si Kilwa yetu ya ziwa Mweru, ulianza zama za karne ya 11 na 12, na mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman akaupanua kwa matao na kuba za mawe ya matumbawe. Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331, alimkuta sultani huyo akitawala. Hiyo ni miaka zaidi ya 300 kabla ya msikiti wa Shah Jahan. Kwa kawaida, lakini, msikiti wa pwani ulikuwa na paa bapa, lililobebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haizidi urefu wake, na baada ya hatua chache tu lazima uweke nguzo nyingine. Kwa hiyo misikiti ya pwani ina vyumba vyembamba na nguzo nyingi, baridi ndani, mwanga kidogo, mihrabu ya matumbawe, kile kishubaka cha kuonyesha kibla, iliyochongwa kwa upole mkubwa. Mti ndio uliopima chumba. Mwashi wa Lahore hakuwa na mikoko, alikuwa na tofali, na tofali likipangwa tao kwa tao linaweza kuvuka nafasi ambayo boriti haiwezi.

Lugha ninayozungumza nanyi sasa ilitoka kwenye pwani ile. Ilipanda na misafara ya biashara, ikapita kwa Kazembe wa Luapula, ikafika Bunkeya kwa Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, aliyeuza shaba na pembe mpaka pwani zote mbili, hadi alipouawa na watu wa Mfalme Leopold mwezi Desemba 1891. Baadaye, mwaka 1910, reli ilipanda kutoka kusini, kutoka upande wa Rhodesia, ikafika hapa, na mji wa Elisabethville ukaanza. Nairobi ilianza na reli 1899, sisi 1910. Huko Waingereza waliwatenga wazungu, Wahindi na Waafrika kwa mitaa. Hapa Wabelgiji waliweka uwanja mtupu kati ya mji wa wazungu na makazi ya watu weusi, na sisi tukapewa Kamalondo, kisha Kenya. Huko vibarua walitoka Punjab. Hapa walitoka Kasai, Rwanda, Rhodesia na Nyasaland, na miongoni mwa wale wa Nyasaland walikuwamo Waislamu. Kila kundi lilijenga pa kuabudia. Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes walijenga sinagogi yao, iliyochorwa na msanifu Raymond Cloquet na kumalizika mwaka 1930, wakati Nairobi walikuwa bado wanapandisha kuta za Jamia.

Mnaona jina la Cloquet limehifadhiwa. Shah Jahan amehifadhiwa, waziri wake amehifadhiwa. Majina ya waliochomeka marumaru nyeusi ya mikeka, ya waliopandisha kuba za Nairobi juu ya majukwaa ya miti, ya waliochoma matofali ya kanisa kuu letu, hayakuandikwa. Kwa Delhi tumechelewa. Kwa Lubumbashi bado hatujachelewa kabisa: mji wetu una miaka mia na kumi na ushee, na wazee ambao baba zao walifanya kazi kwenye majengo yale bado wako nasi, Katuba, Kamalondo, Kenya, Ruashi.

Kwa hiyo nina ombi. Wewe ambaye baba yako au babu yako alikuwa mwashi, mchoma matofali, seremala au mchanganya chokaa kwenye kanisa, msikiti, hekalu au sinagogi ya mji huu, tafadhali lete jina lake. Tuambie alitoka wapi, alifanya kazi gani, kwenye jengo lipi, na nani alimfundisha. Kama una kifaa chake, mwiko, timazi, kipimo chochote, njoo nacho. Andika kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Kibemba, kwa Kiluba, vyovyote unavyoweza, au njoo kwenye redio useme kwa mdomo, tutakurekodi. Majina tutakayopata tutayasoma hewani, jina kwa jina, pamoja na jengo lake.